Ndoo ya Kura za Buffalo

Jumamosi mchana Josiane alikuwa jikoni akipika sombe, mboga ya majani ya muhogo. Asubuhi alikuwa ametoka kazini. Josiane huhudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, upande wa kusini wa Louisville. Huwaogesha, huwavalisha, huwalisha. Miguu ilimuuma, lakini sombe haijipiki yenyewe.

Yeye na mumewe, Hyacinthe Cikuru, ni watu wa Bukavu. Walikaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi, kisha wakaletwa Amerika. Sasa wanaishi Beechmont, mtaa wenye watu wa nchi nyingi. Mtoto wao Gaël anasoma sekondari. Hyacinthe hupakia maboksi kwenye malori katika ghala moja kubwa.

Siku ile Hyacinthe hakuwa nyumbani. Alikuwa amekwenda Gahanna, karibu na Columbus, kwenye mkutano wa viongozi wa Umoja.

Umoja ulikuwa chama cha Wakongo waliotoka Kivu. Ulikuwa na matawi matatu: Louisville, Columbus na Buffalo. Mtu akifiwa, Umoja ulikuja. Mtoto akizaliwa, Umoja ulikuja. Na mgeni akifika kutoka kambini, Umoja ulimpa msindikizaji. Msindikizaji ni mtu anayejua Kiingereza na anayeujua mji. Huenda na mgeni hospitalini, shuleni na ofisini. Lakini wasindikizaji walikuwapo Louisville na Columbus tu. Buffalo haikuwa na hata mmoja, ingawa miaka hiyo wageni wengi walikuwa wanapelekwa huko.

Agata, mdogo wake Josiane, alikuwa mmoja wa wageni hao. Alikuwa na mimba kubwa, na presha yake ilikuwa inapanda. Juzi daktari alimweleza jambo kwa muda mrefu. Agata aliitikia "yes, yes" mpaka mwisho. Alirudi nyumbani bila kujua amekubali nini.

Ilikuwa Novemba 2015. Mwanzoni mwa mwezi Umoja ulikuwa umefanya uchaguzi wa mwenyekiti. Wagombea walikuwa wawili, Hyacinthe wa Louisville na Zihindula wa Columbus. Kila tawi lilipiga kura kanisani baada ya ibada. Louisville walimpa Hyacinthe kura nyingi. Columbus walimpa Zihindula kura nyingi. Ikabaki Buffalo.

Huko Buffalo ndiko mambo yalikoharibika. Wazee wa tawi walisema, "Hawa waliofika juzi hawajui kitu. Wapige kura zao kando." Basi wageni walitumbukiza kura zao katika ndoo nyeupe iliyokuwa ya rangi ya kupaka ukuta. Ndoo ikafungwa kwa utepe wa gundi, haikufunguliwa. Mwenyekiti wa tawi akapiga simu, akasema kura zimehesabiwa na Hyacinthe anaongoza kwa chache. Katibu wa tawi, mzee Kataliko, naye akapiga simu. Akasema kura za wageni hazijahesabiwa, ndoo bado imefungwa. Tawi moja, majibu mawili.

Zihindula alikasirika. Alisema Louisville waliiba. Watu wa Louisville walisema Columbus ndio walioiba. Wanakwaya wakaacha kusalimiana. Ndugu wawili walisukumana kwenye maegesho ya kanisa. Ndipo viongozi wakaitana Gahanna.

Hyacinthe aliingia nyumbani akicheka. Alivua koti, akafunua sufuria, akanusa.

"Mama Gaël! Piga vigelegele. Mumeo ni mwenyekiti."

Josiane aligeuka, mwiko mkononi. "Ndoo imefunguliwa?"

"Bon, ndoo..." Hyacinthe alikaa. "Ile tumeiacha. Tumeelewana kama watu wazima. Mimi ninachukua kiti. Zihindula anakuwa makamu, na watu wake wanachukua ukatibu. Amani imerudi."

"Na ndoo?"

"Itachomwa. Donc, tumepanga hivi: mgeni hatapiga kura mpaka atimize miaka mitano hapa Amerika. Hiyo ndiyo Columbus walitaka. Bila hiyo wasingekubali."

"Na msindikizaji wa Buffalo?"

Hyacinthe alikuna kichwa. "Mwaka huu hapana. Hiyo nayo nilikuwa nimeiomba, wakataka iondolewe."

Josiane aliweka mwiko chini, polepole.

"Weye Baba Gaël. Agata ana mimba. Presha inampanda. Anaitikia daktari kama kasuku. Na weye umekaa Gahanna, ukanywa chai, ukamuuza?"

"Sijamuuza mtu! Nimeleta amani!"

"Amani ya nani?"

"Hata kwetu walifanya hivi! Umesahau? Rais mmoja, makamu wanne. Waliokuwa wanapigana wote walipewa viti. Vita ikatulia."

"Ikatulia wapi?" Sauti ya Josiane ilipanda mpaka Gaël akatoka chumbani, akaona nyuso zao, akarudi. "Mwaka 2004 Bukavu iliporwa! Makamu wote wanne walikuwa kwenye viti vyao Kinshasa, wamevaa suti. Mimi nilikuwa nakimbia na sufuria moja na mtoto mgongoni. Usiniambie vita ilitulia!"

Josiane alikuwa ameshachukua simu.

Agata aliitika haraka. Josiane alimweleza yote kwa pumzi moja, kisha akaweka simu mezani ili Hyacinthe asikie.

"Shemeji," sauti ya Agata ilisema. Haikuwa sauti ya kulia. Ilikuwa ya hasira. "Siku ile ya kura nilisimama kanisani saa nzima, miguu imevimba. Nilipiga kura mara ya kwanza tangu nizaliwe. Halafu mnaichoma? Miaka mitano? Mtoto wangu atakuwa anakwenda shule!"

"Agata, dada yangu, sikiliza..."

"Kambini walituambia tungoje. Hapa pia mnatuambia tungoje. Asante, shemeji. Pongezi kwa kiti."

Alikata simu.

Mlango uligongwa. Alikuwa Karimi, jirani anayeishi ghorofa ya juu. Karimi ni Mkenya kutoka Meru. Alikuja Amerika kusoma, akasomea historia Columbus, na sasa anafundisha watu wazima somo la uraia. Josiane ni mwanafunzi wake. Kila Jumamosi Karimi alishuka na vitabu, akapanda na bakuli la sombe.

"Aki, nimewasikia mpaka juu," alisema. "Nirudi baadaye?"

"Ingia, Mwalimu," Josiane alisema. "Mfundishe huyu. Mimi nikiendelea nitamtupia sufuria."

Hyacinthe alieleza upande wake. Alieleza vizuri, kwa kujitetea. Karimi alisikiliza bila kukaa. Alipomaliza, Karimi hakutabasamu kama alivyozoea.

"Baba Gaël, unajua nchi hii iliwahi kufanya hivyo hivyo? Mwaka 1876. Uchaguzi wa rais."

"Mwalimu, mimi sitafuti uraia leo."

"Wacha nikuambie tu. Wagombea walikuwa wawili. Mmoja aliitwa Hayes, gavana wa Ohio. Ofisi yake ilikuwa hapo Columbus unapotoka sasa hivi. Mwingine aliitwa Tilden, gavana wa New York."

"New York, ndiko Buffalo," Josiane alisema.

"Ndiyo. Tilden alipata kura nyingi zaidi za wananchi. Lakini hapa rais hachaguliwi kwa hesabu hiyo. Kila jimbo lina kura zake maalumu za kumchagua rais, na Tilden alipungukiwa kura moja tu ya hizo."

"Moja!"

"Moja. Na majimbo matatu ya kusini yalikuwa na ugomvi. Kila moja lilituma majibu mawili Washington. Jibu moja lilisema Hayes, jingine lilisema Tilden."

Hyacinthe alimtazama. "Kama Buffalo."

"Kama Buffalo. Sasa sikia kwa nini kulikuwa na ugomvi. Watu weusi wa kusini walikuwa wametoka utumwani miaka kumi na kidogo tu. Walikuwa wageni katika uhuru, mnaelewa? Wanaume wao walikuwa wamepata haki ya kupiga kura juzi juzi. Na walipokwenda kupiga, walipigwa. Wengine waliuawa. Wengine walitishwa wasitoke nyumbani. Basi kamati za kuhesabu kura katika majimbo hayo zikasema, hapa kulikuwa na vitisho, zikazitupa kura za baadhi ya sehemu. Pande zote mbili zilidanganya. Watu walianza kusema vita itarudi. Mhariri mmoja wa gazeti wa hapa hapa Louisville alitaka watu laki moja waende Washington kumdai Tilden kiti chake."

"Laki moja!" Hyacinthe alicheka kidogo. "Louisville hawajambo."

"Usicheke. Bunge liliunda tume ya watu kumi na tano. Kila swali, wanane walisema Hayes, saba walisema Tilden. Wa upande wa Tilden wakatishia kuchelewesha kila kitu. Basi wakubwa wa pande zote wakakutana kuzungumza, na siku moja walikutana katika hoteli ya Washington. Huyo mhariri wa Louisville naye alikuwapo. Na mwenye hoteli alikuwa mtu mweusi. Fikiria! Wamekaa chini ya paa lake."

Karimi alivuta pumzi. Macho yake yalikuwa yamewaka.

"Wanahistoria wanabishana mpaka leo kuhusu kila neno lililosemwa mle. Lakini kilichotokea kinajulikana. Hayes alipata urais. Baada ya muda mfupi wanajeshi wa serikali waliokuwa wanalinda serikali za mwisho za kusini zilizosimama na watu weusi waliondolewa. Wakubwa wakapeana mikono, wakasema nchi imepata amani. Na mtu mweusi wa kusini? Polepole wakamfungia mlango wa kura. Kwa sheria, kwa kodi, kwa kamba ya kunyongea. Mlango ule ulifunguliwa vizuri mwaka 1965. Baba Gaël, hiyo si miaka mitano. Ni karibu miaka tisini!"

Sombe ilitokota.

"Kila nikifundisha somo hili ninakasirika upya," Karimi alisema. "Kwa sababu wale wakubwa hawakujiona wabaya. Walijiona watu wazima waliokaa wakaelewana. Hata kwetu Kenya, baada ya uchaguzi wa 2007, watu waliuana, halafu wakubwa wakagawana serikali. Tuliiita nusu mkate. Sawa, risasi zilinyamaza, na mimi sitasema hilo ni dogo. Lakini wale waliochomewa nyumba walibaki kwenye mahema. Mkate ukigawanywa na watu wawili, uliza wa tatu amekula nini."

Hyacinthe alisimama kwa nguvu. Kiti kilianguka.

"Donc mimi ni mzungu wa hoteli? Hapa nyumbani kwangu? Mimi niliyebeba maboksi wiki nzima, nikaendesha gari mpaka Gahanna kwa ajili ya watu?"

"Mimi nimekuambia historia tu."

"Historia yako ina meno!"

Alitoka, akafunga mlango kwa kishindo. Josiane alimpakulia Karimi sombe.

"Ameumia," Karimi alisema. "Nimezidisha?"

"Mwache aumie," Josiane alisema. "Mimi ninaumia tangu saa nane."

Hyacinthe alizunguka Iroquois Park, bustani kubwa ya karibu, kwa miguu. Alikuwa amemkasirikia Karimi. Alikuwa amemkasirikia mkewe. Lakini kila alipojitetea, alisikia sauti ya Agata: pongezi kwa kiti. Aliamini kabisa kwamba kura za ndoo ni zake. Shemeji yake yuko kule, na shemeji ana marafiki. Kwa nini basi alikubali ichomwe? Kwa sababu kiti kilikuwa tayari mkononi, na hakutaka kungoja. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Alikaa kwenye benchi, akampigia Zihindula.

"Mwenyekiti!" Zihindula alisema. "Umeshaanza kutusumbua?"

"Ninavunja yale makubaliano. Ndoo isichomwe. Twende Buffalo tuihesabu mbele ya watu wote."

"Weye! Tulipeana mikono! Mchungaji alituombea!"

"Najua. Nimekosea. Tumekosea wote."

"Mkeo amekugombeza," Zihindula alisema. "Sema kweli. Umemwogopa mwanamke."

"Ndiyo, namwogopa. Ungekuwa jikoni kwangu leo ungejificha chini ya meza."

Zihindula hakucheka. "Unataka kunidhalilisha. Kule kuna ndugu zako. Ile ndoo ni ya kwako, kila mtu anajua."

"Hakuna anayejua. Imefungwa. Kila siku unasema nimekuibia. Basi njoo uone kwa macho yako. Au unaogopa watu waliofika juzi?"

Zihindula akasema kwa hasira, "Mimi siogopi mtu. Jumapili. Na ukishinda, usije Columbus tena!"

Jumapili iliyofuata, Hyacinthe na Josiane walifika Buffalo. Kanisa lilikuwa upande wa magharibi wa mji, na watu walikusanyika ukumbi wa chini. Wenyeji walikaa kwenye viti. Wageni walisimama ukutani na makoti yao. Agata alikuwa miongoni mwao, mkono juu ya tumbo. Josiane alikwenda moja kwa moja, akamtoa mzee mmoja kwenye kiti, akamkalisha mdogo wake.

Mzee Kataliko aliingia na ndoo. Alikuwa ameiweka nyumbani kwake juu ya friji, na hakumruhusu hata mkewe kuigusa.

Mwenyekiti wa tawi alisimama. "Kabla hatujaanza, wageni watoke nje. Tutawaita."

"Nani atoke?" Kataliko alipiga meza. "Katiba ya Umoja inasema kila mwanachama ana kura moja! Haisemi mwenye gari, haisemi mwenye miaka mitano! Wakitoka wao, na mimi ninatoka na ndoo yangu!"

"Mzee, punguza sauti."

"Sipunguzi! Nimepunguza wiki mbili!"

Ukumbi ulilipuka. Watu walinyoosheana vidole. Hyacinthe alipanda juu ya kiti, akapaza sauti kuliko wote.

"Mimi ndiye niliyekubali ndoo ichomwe! Mimi na Zihindula! Mkitaka kumkasirikia mtu, tuko hapa. Lakini hakuna anayetoka. Hesabu mbele yao."

Kataliko alikata utepe kwa kisu. Mama mmoja Mrundi wa kanisa lile, Nshimirimana, alichaguliwa kusoma, kwa kuwa hakuwa na upande. Alitoa karatasi moja moja, akasoma jina kwa sauti, akaigeuza ili wote waone. Kataliko aliweka alama ubaoni.

"Cikuru. Zihindula. Zihindula. Cikuru. Zihindula."

Hyacinthe aliona kura zake chache za ziada zinaliwa. Wakawa sawa. Zihindula alikuwa amesimama, mdomo wazi. Nshimirimana aliinamisha ndoo, akaonyesha kwamba haina kitu.

Zihindula alikuwa ameshinda kwa kura nne.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walimtazama Hyacinthe. Shingo yake ilikuwa imevimba kwa hasira. Alitazama ubao, akahesabu alama tena, yeye mwenyewe. Hesabu ilikuwa sawa. Alivuka ukumbi, akampa Zihindula mkono.

"Umenishinda," alisema. "Na ulikuwa unataka kuichoma!"

Mtu mmoja alicheka, kisha wawili, kisha ukumbi mzima. Zihindula hakujua aweke wapi uso wake.

Agata aliinuka kwa shida. Kicheko kikakatika.

"Mwenyekiti Zihindula," alisema. "Jumanne nina daktari. Nani ananisindikiza?"

Zihindula alifungua mdomo. Angeweza kusema tutaunda kamati. Lakini wageni wote walikuwa wanamtazama, na kura zao zilikuwa ubaoni juu ya kichwa chake.

"Buffalo itapata msindikizaji leo," alisema. "Mama Nshimirimana, unajua Kiingereza. Utakubali?"

"Nitakubali," Nshimirimana alisema. "Lakini sitakuwa peke yangu. Nataka na mwingine."

"Wawili basi," Zihindula alisema haraka.

Baadaye watu walikula. Hyacinthe alikaa karibu na Agata, sahani mkononi, bado amenuna.

"Lakini ninyi wageni," alisema, "mlimpendea nini huyu? Weye ulinipigia mimi, wengine wakamfuata yeye?"

Agata alitafuna, akameza.

"Shemeji, mimi pia nilimpigia Zihindula."

Josiane aliweka kijiko chini.

"Alikuja hapa mara mbili," Agata alisema. "Ni mkali, anaongea sana, lakini alipanda ngazi zetu. Alinisikiliza. Weye ulituma salamu."

"Na bado ulinigombeza kwenye simu! Nilidhani unatetea kura yangu!"

"Nilikuwa natetea ya kwangu."

Hyacinthe alitaka kukasirika. Alijaribu kweli. Josiane alikuwa ameshaanza kucheka, mpaka machozi yanamtoka, na hakumwonea huruma hata kidogo.

Jumanne Nshimirimana alikwenda na Agata. Njiani alimfundisha jambo moja. "Hospitalini una haki ya kupewa mkalimani, bila kulipa. Mwombe kabla daktari hajaanza kusema. Na usiseme 'yes' kwa jambo usilolielewa." Agata aliomba. Waliletewa mkalimani kwa njia ya simu, Mtanzania mwenye sauti nzuri. Ndipo Agata alipojua kwamba daktari alitaka alazwe mapema kwa sababu ya presha. Alilazwa wiki ile ile. Mtoto wa kike alizaliwa mzima mwezi wa Desemba.

Sheria ya miaka mitano haikuandikwa popote. Umoja uliandika nyingine: ndoo iwe moja, na kura zihesabiwe siku ile ile, mbele ya kila anayetaka kuona. Hasira hazikuisha. Columbus na Louisville bado wanagombana kuhusu kwaya, na mikutano ya Zihindula ni mirefu mno. Lakini wanagombana wakiwa wamekaa ukumbi mmoja, na wageni wana viti.

Hyacinthe alikwenda Buffalo kumwona mtoto. Alipanda ngazi zote. Kisha akabisha hodi mlango wa jirani wa Agata, na wa jirani yake tena, akajitambulisha.

"Uchaguzi ujao," alimwambia Agata akiwa amempakata mtoto, "utanipigia mimi?"

"Tutaona, shemeji," Agata alisema. "Shika kichwa chake vizuri."